Mashine ya Kuzungusha kwa Mkono

8 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi, na kile kikohozi chake kiwe kimemwachia. Sisi huku hatujambo, ila mwanangu amerefuka hadi suruali zinamkimbia miguuni.

Nina shida, na fundi wa nyama katika ukoo wetu ni wewe peke yako. Manesi wanaokunywa chai kwangu, hapa langoni mwa hospitali, wamechoka na mayai. Wanataka soseji. Za dukani nimezijaribu, ni unga uliovalishwa ngozi. Nimeamua kutengeneza zangu jikoni. Lakini nimeingia duka la vyombo nikatoka na kizunguzungu. Kuna mashine za umeme, kuna za kuzungusha kwa mkono, kuna za plastiki zinazong'aa kama midoli. Na muuzaji, kila nilichogusa alisema ndicho chenyewe.

Niambie ninunue ipi. Au bora uje twende wote.

Mdogo wako,
Chiriku

19 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Tunapumua. Kikohozi cha wifi yako kimekwisha, kimebaki kisirani tu, nacho kinatulizwa na chai.

Ya plastiki iache huko huko dukani. Za umeme zile ndogo zinapata joto upesi, na nyama ikipata joto mafuta yanayeyuka humo humo, soseji inatoka kavu kama kizibo. Chukua ya mkono, ya chuma kizito, yenye skrubu ya kubana kwenye meza. Kabla hujalipa, ifungue, toa kisu chake, kilaze juu ya kile kisahani cha matundu. Kikiacha mwanya, rudisha. Hicho hakitakata nyama, kitaipondaponda.

Tena usikubali ule mrija wa kufunga mbele ya mashine ya kusagia, eti ndio wa kujazia. Nyama inasagwa mara ya pili bila kupenda. Tafuta bomba la kujazia la peke yake. Na kipimajoto cha nyama usikisahau, usije ukawalaza manesi wodini mwao wenyewe.

Kuja sitaweza. Kazi za buchani zimenibana.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hali zetu ni njema, sijui zenu.

Nimenunua vyote. Nilipotoa kisu na kukilaza juu ya kisahani, yule muuzaji alinyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kusaga nimeweza. Kujaza ndiko kumenishinda: utumbo wa kutilia nyama unapasuka, au unajaa hewa kama puto.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi matroni wa hospitali anakuja na manesi wawili kuonja. Akizipenda, nitapika za wodi nzima kila asubuhi. Nimewaambia kaka yangu, aliyeshika nyama tangu ujana wake, atakuwepo. Njoo. Ukikataa safari hii nitajua unaona haya kuonekana kwenye jiko la muuza chai.

Chiriku

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo, ingawa sijui kama una moyo wa kuniitikia.

Jumamosi ile, tangu ulipoingia jikoni kwangu, mkono wako wa kushoto ulikuwa mfukoni. Niliuona, nikadhani ni maringo ya watu wa bucha. Ulipoutoa kuvalisha utumbo kwenye mrija wa bomba, ulitetemeka, utumbo ukateleza. Ukarudia, ukateleza tena. Matroni akasogea kutazama. Utumbo ukapasuka, nyama ikamwagikia viatu vyake, nami nikakunyang'anya bomba.

Nilichokisema unakijua, lakini nakiandika ili nisije nikajifanya nimekisahau. Nilisema, "Toka hapo. Kama umelewa ungebaki kwako."

Wewe hunywi, kaka. Hujawahi kunywa, na nilijua wakati neno linatoka. Nililisema ili matroni asidhani kwamba kwetu hatujui kazi.

Ukanawa mikono taratibu, ukatundika aproni, ukamuaga matroni kwa adabu, ukaondoka bila kuonja kitu. Nikajaza zilizobaki kwa namna ulivyokuwa umenielekeza kwa mdomo kabla hawajafika, na zikatoka nzuri. Matroni alizisifu, akanipa kazi. Nikaitikia sifa zile kana kwamba ni zangu.

Nimemwambia mume wangu kwamba ulikuwa na haraka. Hata yeye nimeshindwa kumtazama. Nisamehe.

Chiriku

25 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Kimya chako nakistahili.

Nilikwenda buchani nikuombe radhi ana kwa ana. Mwenye bucha akaniambia uliacha kazi tangu kabla ya mwaka mpya, kwa sababu wateja walikuwa wanaogopa kukuona na kisu. Akaniuliza, "Wewe si dada yake?" Nilikosa pa kuuweka uso. Nilikuwa nimekusumbua kwa barua mbili juu ya visu na mirija, wala sikukuuliza unalalaje.

Kesho yake nikamweleza matroni ukweli, kwamba hukulewa, na kwamba nilijua. Aliacha kutafuna. Nilitegemea anifukuze. Akasema mtetemeko ule aliutambua pale pale, anauona wodini kila siku, na ndiyo maana alikuwa amesogea, akushikie mrija. Kisha akasema, "Nilingoja nione kama utamfuata mlangoni."

Sikukufuata, kaka. Nilikuwa napangusa viatu vyake.

Kazi naendelea nayo, lakini kila nikivalisha utumbo napata haya, japo niko peke yangu jikoni.

Mdogo wako

16 Mei

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza kujibu nilikasirika, na nikikasirika mkono unazidi. Barua hii anaiandika wifi yako, mimi nasema. Maneno kadhaa ameyaacha kwa makusudi, anasema hayafai kusomwa na mtu anayepika.

Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa zinautuliza, haziuondoi. Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Nilipokuandikia kwamba kazi zimenibana, nilikuwa nimekaa sebuleni nachambua mchele, tena vibaya. Nikienda kwa watu sipokei chai, nasema nimeshiba. Mtu mzima naogopa kikombe. Kwako nilikuja kwa sababu nilitaka, japo siku moja, niitwe fundi tena.

Sitakudanganya kwamba lile neno limenitoka. Limo. Nikijikwaa barabarani nawaangalia wapita njia, najiuliza kama nao wanadhani nimelewa. Labda litatoka, sijui. Lakini pale ulipoandika kwamba ulimwambia matroni ukweli, wifi yako alinisomea sehemu hiyo mara mbili, nami sikumkataza.

Sasa sikiliza. Soseji za wodi nzima huwezi kuzitoa kwenye kibomba ulichonacho, utavunja bega. Unahitaji bomba kubwa, la chuma kisichoshika kutu, lenye gia ya pole kwa kujazia na ya haraka kwa kurudisha. Mpira wa ndani uwe laini, ukiuminya urudi. Jirani na kwangu kuna fundi anauza vyombo vilivyotumika, vizuri. Njoo Jumamosi tukachague.

Huko dukani, nitakachotaka kukishika nitakishika. Kikianguka, kianguke, tutakiokota. Wewe usininyang'anye.

Kaka yako