Kadi za Maboksi ya Viatu

Lusaka

Mama Lusajo, mke wangu,

Mmeamkaje huko Kisondela? Kikohozi cha Lusajo kimeisha? Na mvua bado inanyesha kama inalipwa? Mimi mzima, viatu vinatoka, na mji huu hauna kona nisiyoijua.

Ile rekodi ya diskasheni yenu nimeisikiliza. Ulitaka nisikie unavyosoma sheria. Nimesikia. Nimemsikia pia Gwamaka, huyo mwanafunzi mwenzako ambaye mnasomea barazani kwake Kiwira, akisoma kadi za maswali nilizokukatia kwenye maboksi ya viatu. "Dada Tumpe, mbona hizi ni sheria za Zambia? Mumeo anataka ukafungwe Lusaka?" Mkacheka wote. Wewe ulicheka zaidi.

Ni kweli, nilinakili kwa wanachuo wa huku wanaonunua viatu kwangu. Nilijua mwizi ni mwizi popote. Mimi ni darasa la saba, lakini mwandiko ule hata hakimu angeuliza ni wa nani.

Kicheko nimekimeza. Kilichonikwama ni pale Gwamaka alipokupa muhtasari wa kesi aliouandika yeye, ukamwambia, "Ndaga fijo." Ahsante ya sauti ile niliisikia mara ya mwisho siku ng'ombe wetu wa mahari walipoingia uani kwa baba yako. Mwenzangu kaipata kwa karatasi mbili.

Sikukatazi kusoma. Ukiwa wakili nitatembea Tukuyu kifua mbele, waliosoma wanipishe. Mitihani ya miaka ya nyuma ifanyeni pamoja hapo barazani. Ila kuulizwa maswali, niachie mimi. Ukimaliza somo, jirekodi ukilieleza kwa kifupi, unitumie. Nitaandika kadi mpya, za Tanzania, zikae kwangu. Jioni napiga simu, nauliza, unajibu. Ukikosa, nami nicheke.

Nisalimie mama yangu, na shangazi anayetuombea kanisani, na mjomba wa maparachichi. Gwamaka naye msalimie, kwa kifupi, kama muhtasari wake.

Humu kwenye bahasha nimeweka kadi moja tu. Swali lake si la sheria ya nchi yoyote: nikirudi nyumbani na mabegi yangu, ndaga fijo ile nitaikuta?

Hiyo usiipeleke kwenye diskasheni.

Mumeo mwenye wivu wake wa halali,
Baba Lusajo