Vitenge vya Songwe

Old Town, Lilongwe
12 Machi 1996

Mama mpenzi,

Salamu nyingi katika Bwana. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, nabeba marobota tu dukani.

Mama, kaa kwanza! Tangu forodha wakaze mpaka, najua cherehani zenu huko kambini Dzaleka zimelala bila vitambaa na kina mama wa kikundi chenu wanatawanyika. Basi jana ofisa wa serikali alikuja hapa sokoni. Wafanyabiashara wadogo watasaidiwa! Kikundi cha ushonaji kikiandikishwa, vitenge vyake kutoka Tanzania vinaingia bila ushuru. Sharti ni kuvionyesha vyote kwenye meza ya forodha. Ukificha, kikundi kinafutwa. Nimekwisha kuwaandikisha, kibali hiki hapa. Omba ruhusa ya kambi, uende mpakani Songwe.

Mwanao,
Kalala

Dzaleka
17 Machi 1996

Kalala baba,

Mungu akuzidishie. Mgongo umepona kwa furaha! Gloriose, mwenzangu wa cherehani ya pili, alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaoa. Ruhusa nimepata, kesho naondoka. Na usinifundishe mpaka, nimevuka mipaka kabla hujazaliwa.

Mama yako

Old Town
2 Aprili 1996

Mama,

Hujambo? Mbona kimya? Nimeuliza kila dereva anayetoka Karonga, njia ya Songwe. Naogopa. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao, Kalala

Dzaleka
6 Aprili 1996

Mwanangu,

Mimi ni mzima, pole kwa wasiwasi. Mvua ilikata barabara, tukakwama Karonga. Cheka, lakini usimwambie pasta.

Vitenge nilinunua vizuri. Nilipoona kizuizi cha Songwe, hofu ya zamani ikanirudia. Nikajificha nyuma ya kibanda, nikajifunga vitenge vyote mwilini, kimoja juu ya kingine, kama tulivyozoea kwetu Uvira. Nikafika mezani mnene kama mjamzito wa mapacha, na kibali mkononi!

Dada wa forodha akakisoma, akanitazama kiunoni.

"Mama, hivyo vitenge viko wapi?"

Nikaona kikundi kimekufa. Nikalia.

"Niko nabyo mwilini, mwanangu. Kwetu, mwenye kuonyesha njo ananyang'anywa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Akanipeleka chumbani, akanifungua mwenyewe, akavikunja, akavipanga mezani. "Sasa umevionyesha," akasema, akagonga muhuri.

Kalala, maisha yangu yote nimepita mipaka kama mwizi. Safari hii nilipita mchana kweupe, robota kichwani, askari akaniinulia kizuizi, akaniita mama kwa Chichewa: "Pitani, amayi." Nilipofika upande wa pili nilicheza barabarani peke yangu, watu wakinitazama.

Mama yako,
mfanyabiashara