Kiti cha Mama wa Ng'ambo

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Kalemie tuko wazima. Mama yako ameenda Nyunzu kununua karanga, na ndagala zangu, samaki wadogo wa ziwa, zinakauka vizuri. Unaniuliza utabaki mugeni mpaka lini kule Kinshasa, kwa ndugu za bwana yako.

Wakati wa Zaire, mwami, mutawala wetu wa asili, alioa binti ya mwami wa ng'ambo ya ziwa. Tulimucheka kwa namna alivyosema. Siku moja, mutoto wa muvuvi akafa. Kwenye kilio wamama wote hukaa chini, isipokuwa muke wa mwami. Yeye hakai mu vumbi hata siku moja, na njo mimi nilimubebea kiti. Akakitazama, akamuinua mama mwenye kufiwa, akamukalisha pale. Yeye akaketi chini.

"Mama, inuka!" tukamuambia.

"Leo mukubwa ni huyu," akajibu.

Hakuna aliyemucheka tena.

Miaka ikapita, naye akafa. Kwenye kilio chake tulimuletea mwami kile kiti.

"Kiwekeni kando yake," akasema. Kisha mwami mwenyewe akaketi mu vumbi, pamoja na sisi.

Nkambo yako anayekuwaza