Mistari Mitatu ya Kolera

Jumatatu, 6 mwezi wa tano

Nimefundisha hesabu mwaka wa kwanza wa kilimo tena. Darasa limejaa, chaki imebaki vipande. Nimeandika S ubaoni, yaani walio wazima, na I, yaani wanaougua. Wakauliza S ni nini hasa. Herufi tu, nikawaambia, yaani kigeu. Mkulima anaweka mihogo ndani yake, daktari anaweka watu. Mwenzangu wa fizikia anaandika mlinganyo wa namna hiyohiyo kwa betri inayoishiwa, na wa uchumi kwa bei ya chumvi. Sura moja, majina tofauti. Kigeu hakina uso, nikasema. Walipenda, wakaandika.

Nje nimemkuta Dokta Ngabu ananingoja. Ndiye mkuu wa zahanati ya kambi, ile ya watu waliokimbia vita vya Djugu, pale juu ya mji. Kolera imeingia kambini. Anataka kujua itakwenda wapi na kwa mwendo gani. Nimekubali.

Barabara ya Butembo imefungwa tena kwa sababu ya waasi wa porini. Malori yamejipanga karibu na soko, madereva wanalala chini yake. Mama yangu yuko kule, mimi niko huku. Hii ndiyo tunaiita amani.

Jumatano, 8 mwezi wa tano

Siku nzima na Lotsove. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, hakuna anayemfikia. Anaishi kambini na mama yake tangu kijiji chao kichomwe. Kazi yake ya mwisho ni modeli ya hesabu ya ugonjwa wa mihogo, jinsi nzi weupe wanavyouhamisha kutoka shina moja hadi jingine. Tumeichukua hiyohiyo. Mahali pa shina tumeweka mtu. Mahali pa nzi tumeweka maji machafu.

Tuligombana kidogo. Shina halitembei, alisema. Mtu wa kambi anatoka asubuhi kwenda kulimia wengine, anarudi jioni. Kweli. Tumeongeza kigeu cha kutoka na kuingia, kisha kingine cha maji safi.

Kwenye mchoro imetoka mistari mitatu. Wa kwanza: watu wafungiwe ndani, maji safi yaletwe kila siku. Kolera inashuka upesi. Wa pili: wafungiwe, maji yasiletwe. Inapanda vibaya sana. Wa tatu: watoke na kuingia kama kawaida, maji yaletwe. Inashuka polepole.

Lotsove aliutazama wa pili kwa muda mrefu.

Ijumaa, 10 mwezi wa tano

Kikao ofisini kwa administratere, mtawala wa eneo letu. Meza ndefu, watu wengi, Dokta Ngabu kando yangu. Nimeeleza mistari yote mitatu. Administratere aliweka kidole juu ya wa kwanza.

"Huu ndio iko chini. Tunafunga barieri ya njia ya kambi."

Nikamwambia mstari ule una maji ndani yake. Ukitoa maji, si ule tena, ni wa pili.

"Maji itakuya, Madamu. Barieri iko tayari."

Dokta akataka kuongeza neno, akakatizwa. Nilitazama nyuso za wale wengine. Walishusha pumzi. Hawakuwa wanaogopa kolera peke yake. Tangu mashambulizi ya mwisho mji mzima unaiogopa kambi, wanasema wenye bunduki wanajificha mule. Walitaka kuifunga tangu zamani. Nimewapa sababu ya kisayansi.

Nimerudi nyumbani Ngezi kwa miguu. Hasira. Sikula.

Jumamosi, 11 mwezi wa tano

Wamefunga. Mti umelazwa njiani, askari wamekaa juu yake. Nimekwenda, wamenirudisha. Nimempigia Lotsove. Wazima, yeye na mama yake. Tangi la maji limebaki nusu. Nikamwambia maji yanakuja. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumapili, 12 mwezi wa tano

Kanisani mchungaji amemshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu wetu wa hesabu aliyelinda mji. Watu wakanigeukia, wakatabasamu. Mume wangu Kambale akanishika mkono. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 14 mwezi wa tano

Maji hayajafika. Tangi limekauka. Watu wanachota kwenye kijito kinachopita chini ya vyoo. Lotsove ndiye amenieleza, akazungumza haraka kwa sababu simu yake inakufa. Mama yake ameanza kuhara asubuhi.

Dokta Ngabu amenitumia hesabu ya wagonjwa. Nimeziweka nukta zangu kwenye mchoro. Zinakaa juu ya mstari wa pili, moja baada ya nyingine, sawasawa kabisa. Ingekuwa mihogo ningefurahi. Sijawahi kuchukia kuwa sahihi namna hii.

Halafu nimeona jambo lingine. Modeli yetu inaishia kwenye barieri. Kijito hakiishii pale. Kinashuka, kinapita nyuma ya soko, wanawake wanafulia humo na kuchota. Nimeongeza mji ndani ya modeli. Kambi inapanda, kisha mji unapanda. Mti wao hauzuii kitu.

Nimekimbia ofisini. Nimengojeshwa ukumbini mpaka kiti kikaniuma. Administratere amenisikiliza, kalamu mkononi, halafu akasema nikisema habari ya kijito watu wataingiwa na wazimu. Anataka niende redioni Alhamisi, nitulize watu, niseme hesabu inakwenda vizuri. Eti nina sauti ya mwalimu, watu wataniamini.

Jumatano, 15 mwezi wa tano

Nimemwambia Kambale yote. Anauza vitenge sokoni, anajua mji huu kuliko mimi. Akasema taratibu:

"Siye iko wageni hapa, mama Neema. Watu ya Butembo. Ukisema mubaya ya wakubwa, watasema weye iko upande ya wale wa porini. Duka itaungua. Na barabara imefungwa, tutakimbilia wapi?"

Si mwoga. Amesema kweli tupu. Nimezunguka chumbani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikisema, hatuna pa kwenda. Nikinyamaza, watu watakufa kwa jina langu. Ningekuwa na kigeu cha kubadilisha ningekibadilisha. Sikioni.

Jamaa wawili wa ofisi ya administratere wamepita dukani kununua kitambaa. Hawajawahi kununua kwetu. Waliulizia watoto wetu wanasoma wapi.

Alhamisi, 16 mwezi wa tano

Nimesema.

Mtangazaji aliuliza kama ni kweli hesabu inaonyesha ugonjwa umedhibitiwa. Alikuwa ameandikiwa swali. Nikajibu:

"Hesabu yangu haikusema mufunge barieri. Ilisema mulete maji. Maji haikuletwa. Kijito ya kambi inapita nyuma ya soko yetu. Munaosikia, muchemshe maji leo. Na mupelekee wale wa juu maji, maana wakiugua wale, siye pia tutaugua."

Mtangazaji akaweka muziki. Nilibaki nimekaa mpaka fundi wa mitambo akaja kunishika bega aniambie nitoke kwa mlango wa nyuma.

Kwenye kijito nimewakuta wanawake na bidoni zao za kuchotea maji, tupu. Wamesimama tu, wanayatazama maji.

Kambale hakunigombeza. Amepeleka watoto kwa dada yake, kisha akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Ijumaa, 17 mwezi wa tano

Wamenichukua asubuhi. Chumba kidogo ofisini kwa administratere, dirisha linatazama ukuta. Hawakunipiga. Mlango ulifungwa kwa nje, nikasikia kufuli. Mtu asiye na sare aliniuliza nani amenituma, kundi gani. Hakuna, nikasema. Akauliza tena, kwa maneno mengine. Kisha akauliza kigeu ni nini, maana neno hilo lilikuwa kwenye karatasi yake. Nikamwambia ni kitu ambacho hujui bado kitakuwa kiasi gani. Akaandika.

Kuanzia hapo hakuna aliyeingia. Nilikojoa kwenye ndoo. Niliwaza watoto. Niliwaza kuwa sitatoka, na wazo hilo likakaa tu, halikuondoka.

Jioni kelele nje. Mlango ukafunguliwa. Ua wa ofisi umejaa wanawake wa soko, kila mmoja na bidoni yake. Nyuma yao Kambale na wenye malori. Wale wale waliokwama kwa ajili ya barabara. Amezunguka kwao tangu jana, mmoja mmoja, watu wa kwetu na wasio wa kwetu. Malori yamekaa bure, aliwaambia. Wamepakia matangi, wamejaza kwenye visima vya juu ya mji, wanangoja ruhusa. Administratere alisimama kizingitini akitazama umati. Akasema waende, nami niachiwe.

Kambale amenivika koti lake. Alikuwa analia.

Jumamosi, 18 mwezi wa tano

Malori yamepanda. Askari waliuondoa mti ili yapite, na hakuna aliyeurudisha. Redioni administratere amesema mpango wa maji ulikuwa wake tangu mwanzo. Aseme.

Lotsove hapokei simu.

Jumapili, 19 mwezi wa tano

Dokta Ngabu amekuja mwenyewe. Mama yake Lotsove alikufa Ijumaa mchana. Mimi nilikuwa mule chumbani. Wamemzika haraka, kwa dawa, bila kumwosha, kama inavyotakiwa. Lotsove hakuruhusiwa kumgusa.

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 30 mwezi wa tano

Wagonjwa wanapungua. Polepole, karibu na mstari wa tatu. Mjini waliugua wachache, wengi walichemsha maji.

Leo nimepata nguvu ya kupanda kambini. Lotsove alikuwa mbele ya kibanda chao anapanga vyungu vya mama yake, avigawe kwa majirani. Amekonda. Nilikaa juu ya jiwe, nikasaidia. Nilikuwa nimepanga maneno ya pole, yote yalinitoka. Hakulia mbele yangu. Baadaye, bila kuinua macho, akauliza:

"Madamu, mama alikuwa kwa mustari gani?"

Ningeweza kusema hesabu haijui mtu mmoja mmoja. Ni kweli, ndivyo ninavyofundisha.

"Wa pili," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kidogo. Alikuwa anajua. Akaendelea na vyungu.

Mvua ilianza, tukaingia ndani. Kitanda cha mama yake bado kiko pale, blanketi limechomwa, mbao tu. Tumeketi juu yake kwa sababu hakuna pengine pa kuketi. Jirani alipitisha chai mlangoni, ya moto sana, imechemka kweli. Lotsove amenimiminia kwanza mimi. Tumekunywa hadi mvua ilipokatika.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, matope hadi vifundoni. Watoto wamerudi toka kwa shangazi yao, na Neema amenikuta mlangoni na kitambaa cha kufutia miguu.