Magunia Mabichi kwenye Ukuta wa Mama

Jumatatu jioni, Njombe. Agosti inaisha lakini baridi haina habari. Ukungu umekaa mlangoni pa duka langu mpaka saa tano asubuhi, na mimi nimeshinda nimevaa sweta mbili na roho mbaya.

Kuna jambo nimelifanya na hakuna anayelijua. Au nilidhani hakuna anayelijua.

Nianze na ugonjwa wangu. Mimi siamini watu. Nauza dawa, na kila boksi linaloingia naligeuza nitazame tarehe ya kuisha, hata kama limeletwa na mtu niliyesoma naye. Na tangu ukuta wa jiko la mama uanguke kule Kitandililo, Makambako, ugonjwa umezidi. Fundi wa lile jiko alikuwa mcheshi, kwaya anaimba, salamu haimpiti mtu. Kumbe matofali aliyashika kwa udongo mtupu, akapaka simenti kwa nje tukaona kazi ya maana. Mama alikuwa ametoka kuchota maji tu, nyuma yake ukuta ukalala chini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo nilipoanza kumjengea mama nyumba ya vyumba viwili ili mvua za mwaka huu zisimkute kule kwenye nyumba yake ya zamani yenye nyufa, na mama akamtaka fundi Atilio, mzee wa jumuiya yake ya kanisani, nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilianza kumlinda mama dhidi yake kama mtu anavyolinda kuku dhidi ya mwewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa maneno. Anapiga simu: "Mwanangu Imelda, tumefika kozi ya kumi, kesho kutwa tunafunga lenta." Mimi naitikia sawa fundi, sawa baba, na sijaelewa kitu. Anayesema sawa bila kuelewa ndiye anayeliwa.

Nikanunua daftari. Kozi, kumbe, ni mstari mmoja wa matofali; nyumba inapanda kozi kwa kozi. Lenta ni ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha, ndio unaozishika kuta zisiachane. Jiko la mama halikuwa nayo, nikaelewa na kulia upya. Plasta ni mchanga na simenti ya kufunika tofali. Juu yake ukitaka ulaini unapaka niru, simenti iliyokorogwa na maji tu, ila kwa ndani watu siku hizi wanapenda skimu, ule unga mweupe kabla ya rangi. Halafu kuna timazi, kichuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama au umelewa.

Timazi nilinunua ya kwangu. Fundi anayo yake, lakini nani kaipima hiyo ya kwake? Uzi wa hii yangu ulikuwa mfupi, nikaunganisha na uzi mwekundu uliobaki nilipofuma sweta ya mwanangu.

Kusema kweli maneno hayakunituliza. Zamani nilimshuku fundi kwa jumla. Baada ya daftari nikawa namshuku kozi kwa kozi.

Ijumaa akapiga tena. Ukuta wa upande wa upepo ameshaupiga plasta. Jumamosi anakwenda msibani Bulongwa, atarudi Jumapili mchana. Ukuta ameufunika, nisiwe na wasiwasi.

Nisiwe na wasiwasi! Mtu akiniambia hivyo ndipo unapoanza. Ameufunika kwa nini? Mbona kufunika hakumo kwenye daftari langu? Na huo msiba nao umejua kuchagua siku.

Jumamosi nikapanda gari la kwanza kwenda Makambako. Mama sikumwambia. Nilipita njia ya nyuma ya shamba la mahindi ili asinione, nikafika kijijini kwa mama yangu mzazi na nikaondoka bila kumsalimia. Loh, naandika na aibu inanipanda.

Nikaukuta ukuta umevikwa magunia ya mahindi yaliyolowa, yananing'inia toka juu mpaka chini, maji yanachuruzika. Nikasema haya, hapa pana namna, nyufa zimefichwa humu. Nikaanza kuyashusha moja moja. Ya upande wa kulia yalikuwa nyuma ya jukwaa la miti, nikaona uvivu nikayaacha.

Nikagonga plasta kwa sarafu, kusikiliza kama pana uwazi ndani. Hakuna. Nikaning'iniza timazi kwenye msumari wa dirishani, uzi ukashuka sambamba na ukuta. Nikachungulia kama mtu anayetafuta chawa. Ukuta ulikuwa mzuri, hauna hata mkwaruzo.

Mwenye akili angefurahi. Mimi nilikasirika.

Nikayakunja magunia vizuri, nikayapanga mlangoni, nikaweka tofali juu. Kuyarudisha hapana, nilitaka akirudi ajue kwamba kuna macho. Upepo wa Makambako ulikuwa umeshaanza, ulinisukuma mgongoni mpaka stendi.

Leo asubuhi mama akapiga. Ukuta umepasuka. Akatuma na picha, nyufa nyembamba nyembamba zimetapakaa kama nywele. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema "Nilijua mimi!" kwa sauti mpaka mteja wa dawa ya kikohozi akashtuka. Nikamwambia mama huyo ni tapeli kama yule wa jiko, asikanyage tena kiwanjani. Mama akasema fundi hajajitetea, anasema kesho asubuhi ataibandua plasta iliyopasuka na kuipiga upya kwa mkono wake. Nikamjibu kesho akija ampe mwiko wake wa kupigia plasta aende, na jumuiya nzima ijue.

Mama akasema, "Haya mwanangu. Nyumba unajenga wewe."

Alasiri wateja wakapungua, nikaikuza ile picha nizihesabu nyufa. Upande wa kushoto zimejaa. Upande wa kulia hakuna hata moja. Na mpaka kati ya pande hizo umenyooka toka juu hadi chini, pale pale jukwaa linapoanzia. Pale pale nilipoona uvivu.

Nikasoma kwenye simu, safari hii kwa adabu. Plasta mbichi inahitaji unyevu siku kadhaa ili ikaze. Upepo ukiyaiba maji mapema, inapasuka. Ndiyo kazi ya magunia.

Ni mimi niliyeupasua ukuta wa mama.

Nikampigia mama, nikajifanya nauliza tu: magunia je, fundi kayasemaje? Mama akasema, "Kasema ni upepo wa Jumamosi uliyaangusha. Si unaujua upepo wa huku."

Upepo haukunji magunia. Wala hauweki tofali juu yake.

Miezi mitatu nimemtafutia fundi Atilio uongo mmoja tu, na leo nimeupata. Nikairudia picha. Dirishani, kwenye msumari, inaning'inia timazi yenye uzi mwekundu, ile niliyoitafuta nyumba nzima jana. Fundi hawezi kukosa kuitambua timazi isiyo yake, na huko hakuna mwingine wa kuileta. Alijua tangu jana mchana. Akamwambia mama ni upepo.

Na kesho asubuhi mama atampa mwiko wake, kwa agizo langu.

Ningeweza kumpigia mama sasa hivi. Simu nimeishika mara tatu. Lakini kwa simu nitajitetea, najijua. Gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili. Nitapita njia ya mbele, nimsalimie mama, nimweleze, halafu nimsubiri fundi pale ukutani kabla hajafika yeye.

Nimefungua daftari niandike nitakachomwambia. Nimekaa nalo tangu nifunge duka, na mpaka sasa nimeandika neno moja tu.

Shikamoo.