Mabeseni Manne Yaliyozidi

Ilagala, Jumamosi

Baba yangu, shikamoo.

Mama hajambo, mihogo imeota vizuri. Mtumbwi wako haujaonekana tangu Machi.

Kwa somo la uchumi natengeneza modeli: kila mtumbwi huleta mabeseni manne ya dagaa. Siku hizi hufika mitumbwi sita, lakini kila asubuhi nahesabu mabeseni ishirini na nane. Dagaa waliozidi huwa wameanikwa mchangani, mahali pako, na hakuna anayeona wakishushwa.

“Futa hayo manne, Merina,” alisema Mwalimu Castory. “Mchumi huandika kilichopo, si anachotamani.”

“Yapo, mwalimu.”

Alikuja ufukoni, akawagusa wale dagaa, akanirudishia kalamu.

Nimeandika ishirini na nane. Kesho ukishusha, baba, usiondoke upesi. Nitakuwa nimesimama hapo.

Mwanao akungojaye,
Merina