Doa Lisilokuwapo Kifuani Mwako

Mdogo wangu Eliakunda,

Barua yako imenifikia ikiwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwako. Niliinusa kabla ya kuifungua. Shikamoo yako nimeiona pale juu, umeiandika kwa herufi kubwa kama kawaida yako. Uniwie radhi, leo sitaiitikia. Nitaiweka kando mpaka umalize kusoma, kisha uamue mwenyewe kama mtu huyu bado anastahili kuamkiwa.

Habari za huko mlimani? Vuli imeanza? Yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Wewe umeuliza afya yangu, na mimi nimechoka kujibu kwamba ni nzuri. Nimebaki mifupa na miwani. Moyo hausukumi tena damu inavyopaswa, miguu imevimba, na daktari wangu, binti mstaarabu asiyependa kuficha mambo, ameniambia hadhani kwamba nitaiona Krismasi. Miguu iliyonilisha miaka yote hii sasa inanyanyuliwa na watu wawili ndipo ifike kitandani. Nyumba hii ya wazee imejengwa kando ya mfereji mpana. Ni mfereji kweli, Eliakunda, lakini maji yake hayaendi shambani kwa mtu. Wajerumani wanaupenda kwa sababu unapendeza.

Umeandika hivi: "Kaka, kifua hakijanisumbua mwaka huu, namshukuru Mungu. Bado natumia kikombe changu. Mjukuu amezaliwa, wa kike. Namtazama kupitia dirisha." Nilisoma hapo nikamwomba mhudumu aniletee karatasi.

Kifua chako ni kizima. Hakijawahi kuwa na doa. Nilikudanganya, na nimekudanganya kwa miaka kumi na sita. Naandika ili ulijue hili nikiwa hai, maana nikifa nalo utazeeka ukiwa mgeni katika nyumba yako mwenyewe.

Pumua kwanza. Sasa nikueleze.

Unajua nilivyorudi Arusha. Kikundi cha serikali nilichokifundisha kwa miaka mingi kilivunjwa. Walituambia zama zimebadilika, kila mtu sasa atafute soko lake. Nilikuwa mtu mzima mwenye diploma mbili za sanaa, nikajikuta nafundisha vijana wa mtaa wa Daraja Mbili kuruka sarakasi mbele ya watalii wanaosubiri supu. Dakika nane, halafu mhudumu anapita katikati yetu na sahani. Nilikuwa nimejifunza kutunga ngoma, na sasa nilikuwa kama redio ya hotelini. Hilo liliniuma, nami uchungu wangu niliulea kama mtoto.

Ndipo nilipopanda nyumbani baada ya masika na kuwakuta mkiziba nyufa za mfereji wa mashamba. Nilikuwa nimeuona ule ukanyagaji tangu utoto na sikuwahi kuutazama. Wanawake tisa kwenye mstari, mmeshikana viuno, udongo mfinyanzi mpaka kwenye vifundo: kisigino, kisigino, kisha wayo mzima. Wewe ulikuwa mwanzoni mwa mstari, sauti yako ndiyo iliyowaongoza. Mara mnasimama wote, kimya, kama mmekatwa na kisu, halafu mnaanza tena. Baba yetu mwinjilisti alichukia ngoma zote za dunia, lakini hiyo aliiacha, akisema ni kazi. Nilikaa ukingoni mpaka mkamaliza. Nikakuomba uje mjini na wenzako.

Unakumbuka siku ya kwanza ya mazoezi? Wale vijana wangu walicheka mlipoingia na kanga zenu. Mmoja akasema, "Mama, hapa hakuna mahindi ya kupalilia."

Ukamjibu, "Nimeona. Na miguu pia sijaiona."

Baada ya wiki moja walikuwa wanakuita kocha.

Mimi niliwapanga mtazame watu. Nilichora hata karatasini, mstari wa upinde, nyuso mbele, tabasamu. Ukaitazama karatasi yangu ukasema, "Kaka, hivi hatuwezi. Anayekanyaga anatazama maji. Tukiwatazama watu, udongo tutaukanyagia nani?" Nikabisha. Ukawageuza wenzako bila kunisubiri, migongo kwetu, mkaanza. Eliakunda, nilisomea kazi hii, nikasafiri kwa ajili yake, na sijawahi kuona kitu kama kile. Ile migongo ilisema mambo ambayo nyuso zetu zilikuwa zimeshindwa kuyasema kila jioni.

Meneja wa hoteli alipokuja kukagua alishika kichwa. "Mzee, wageni wangu wanataka sura. Migongo wameiona ya kutosha kwenye ndege."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikubaliane naye. Wewe ukatangulia, ukimpa cheo cha machifu wa kwetu: "Mangi, Jumapili mchungaji akiomba pale madhabahuni, anakutazama wewe?"

"Hapana, mama. Anatupa mgongo."

"Na wewe unatoka nje?"

Alicheka mpaka akakaa. Akatupa Jumamosi moja ya majaribio.

Jumamosi ile hakuna mhudumu aliyepita na sahani. Mliposimama kimya katikati, watalii wakaacha hata kutafuna. Baada ya hapo alikuja yule mama wa Kijerumani, mwandaaji wa tamasha huko kwao, macho mekundu. Alikutazama wewe, akaniuliza mimi kwa lugha ambayo mimi tu niliijua: nani amewaza kuwageuza hawa wanawake? Na ule ukimya una maana gani?

Ukanivuta shati. "Anasemaje?"

Nikakuambia, "Anasema mmecheza vizuri."

Yeye nikamwambia ni wazo langu. Na ukimya, nikamwambia, ni pale tunapozungumza na mababu. Ulikuwa umenieleza wiki mbili kabla kwamba mnasimama ili msikilize kama maji bado yanavuja. Hilo tu. Lakini mimi niliona aibu kumpa Mzungu jibu dogo hivyo.

Mwaliko ukaja: watu saba. Yule mama aliandika kwa mkono wake kwamba nisikose kuja na "yule dada wa mwanzo wa mstari," kwa kuwa angependa kukaa naye na mkalimani, amuulize mambo. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mkalimani. Mtu mwingine angekuuliza, nawe ungemjibu kama unavyomjibu kila mtu.

Tulipigwa eksirei wote saba kwa ajili ya viza. Majibu niliyachukua mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msomi, mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa na miadi mtaani Sakina na fundi aliyekuwa anarekebisha gari letu, nikakaa kwenye tairi kuukuu katikati ya kelele za nyundo, nikafungua bahasha yako. Mapafu ni safi. Mstari mmoja tu, na muhuri. Niliichana ile karatasi vipande vidogo, nikavitupa kwenye debe la oili chafu, nikavitazama vikizama. Fundi akaniuliza, "Mzee, vipi, mpenzi amekuacha?" Nikacheka naye. Naikumbuka sauti ya kicheko changu.

Jioni ile nikapanda mlimani. Mlikuwa mezani kwa marehemu ndugu yetu, chai imemiminwa. Sikukuita pembeni. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti ile ya mkubwa wa familia: kuna doa kwenye pafu la Eliakunda, la zamani, halitamuua, lakini linaweza kuamka na kuambukiza. Asisafiri. Asikanyage udongo wa baridi. Asiimbe kwa nguvu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chako. Nilikuwa na maneno ya kukutuliza, nimeyapanga njiani. Wewe ulikiweka kikombe chini taratibu, ukatazama chai iliyobaki ndani, ukauliza, "Na hawa niliokuwa nakunywa nao?"

Basi. Hukuuliza kuhusu safari hata kidogo. Kesho yake wifi yako, mke wa ndugu yetu huyo, akakununulia kile kikombe cha bati cha bluu.

Ulienda zahanati baadaye, wakakuambia hawaoni kitu, ukaniandikia kwa furaha. Kama ningekuwa mtu, hapo ningenyamaza. Nilikujibu kwamba mashine za mjini zinaona zaidi. Ukaniamini mimi ukamwacha muuguzi aliyekugusa kwa mikono yake. Nafasi yako kwenye mstari nilimpa binti wa mjini aliyejua kucheza, lakini alikuwa akigeuza shingo kidogo kila mara ili watu wamwone.

Nikafanikiwa. Sitakuficha hata hilo. Ngoma yetu ilichezwa kwenye miji ambayo siwezi tena kuikumbuka yote. Waliandika kwamba mimi ndiye Mwafrika aliyethubutu kuwapa watazamaji mgongo. Nilifundisha vijana wao kwenye kumbi zenye sakafu ya mbao, tukileta udongo kwenye magunia, na baadaye hata udongo tukauacha kwa kuwa unachafua. Walinilipa ili nieleze ule ukimya. Nilieleza mababu, nikaongeza mlima, nikaongeza na mwezi. Mwanafunzi mmoja aliandika kitabu kizima juu yake. Hakuna hata mmoja katika wale waliosimama kimya aliyekuwa anasikiliza chochote. Nami sikuwafundisha kusikiliza, kwa sababu ningelazimika kuwaambia nani alinifundisha.

Nilitaka watu wengi waione ngoma, Eliakunda. Hilo lilikuwa kweli tangu mwanzo, na ndilo nililojiambia kila nilipolala. Wameiona watu wengi. Wewe peke yako ndiye uliyekatazwa kuicheza.

Sisemi unisamehe. Nimekaa katika makanisa yetu muda wa kutosha kujua jinsi mtu anavyoweza kuomba msamaha ili apate usingizi. Nataka mambo mengine. Kile kikombe wape kuku wanywee maji. Ukimaliza kusoma hapa, usisubiri kesho, nenda umpakate huyo mtoto, mbusu usoni, mle sahani moja. Nimeandika karatasi nyingine kwa Kijerumani, nikaisaini mbele ya daktari, inayosema ngoma ni yako, wazo la migongo ni lako, na ukimya ni wa kusikiliza maji. Watu wa tamasha waliniletea habari kwamba wanaandaa siku ya kuniaga jukwaani. Karatasi hiyo itasomwa hapo. Wengine wataona haya kwa ajili yangu, na yule wa kitabu sijui atafanya nini.

Lakini huko nyumbani ndiko nilikosema uongo mbele ya watu, na huko ndiko lazima usemwe ukweli mbele ya watu. Unajua desturi ya mfereji wetu. Mwizi wa maji hapelekwi kwa mchungaji wala kwa balozi wa nyumba kumi. Anasimama ukingoni, anawapa watu mgongo, anayatazama maji aliyoyaiba, anasema alichofanya. Kisha anashuka na kukanyaga udongo peke yake mpaka pavujapo pazibike, na hakuna anayemwimbia. Mara moja tu katika utoto wetu tuliona hilo likifanyika. Ulikuwa mdogo, ulinishika mkono ukaniuliza kwa nini yule baba hana wimbo. Nikakuambia wimbo ni wa wasioiba.

Mimi siwezi kuja kusimama. Hivyo mwambie Ndeshi, binti wa marehemu ndugu yetu, kwa vile ni mwalimu na sauti yake inafika, aichukue barua hii Jumamosi mtakapokuwa mnaziba. Wawepo wale wanawake waliobaki kati ya ninyi tisa. Awepo wifi yako, aliyenunua kikombe bila kujua. Awepo mwanao, uliyemzuia asikukumbatie siku ya harusi yake. Ndeshi asimame ukingoni, awape mgongo, aisome yote, na pale niliposema mimi ni msomi asipunguze sauti.

Msalimie wifi yako. Mwambie chai yake ya jioni ile sijawahi kuimaliza. Msalimie Ndeshi, na anisamehe kwa kazi niliyompa. Msalimie mkwe wako aliyejifungua. Mtoto usimwambie habari zangu mpaka aulize.

Nimemwomba mhudumu aigeuze meza yangu. Alidhani nataka mwanga. Tangu asubuhi nimekaa nikitazama mfereji huu usiomwagilia kitu, mlango na watu wote wako nyuma yangu, na miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu wanaloniwekea kwa ajili ya uvimbe. Kila nikimaliza ukurasa najaribu: kisigino, kisigino, kisha wayo. Wayo haushuki tena.

Ndeshi akishafika hapa, akunje karatasi. Wewe ushuke mwanzoni mwa mstari, mahali pako, uwatolee sauti wenzako kwa nguvu zote za kifua hicho. Imbeni zile zenu zote. Ila chagueni mahali pamoja panapovuja, mpahesabu kuwa pangu, na hapo mkanyage kimya.

Kaka yako,
Kaanaeli